Maziwa Kwanza, Majani Baadaye: Habari za Malisho ya Wana-Mbuzi na Nyama Yao Tangu Kale

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu mtasoma habari za kuanzishwa kwa Chama chetu Kikuu, mtaona hesabu zake na picha za viongozi wake. Sisi tumepewa kurasa chache tueleze jambo ambalo limezungumzwa katika mikutano ya vyama vya msingi kwa muda wa miaka kumi, na mpaka leo halijakwisha. Kwa nini mbuzi wawili wa umri mmoja, waliozaliwa katika kijiji kimoja na kuchinjwa siku moja, nyama ya mmoja huwa laini na tamu, na ya mwenzake huwa ngumu kama ukanda? Watu wengi hujibu kwamba ni mbegu. Mbegu ina sehemu yake, hatukatai. Lakini mtu akiifuata historia ya mfugo huyu ataona kwamba tangu kale wale waliomjua mbuzi barabara walitazama kwanza kinywa cha mtoto wake: amenyonya kwa muda gani, na alipoachishwa ziwa alipewa nini.

Mbuzi ni miongoni mwa wanyama wa kwanza kabisa kufugwa kwa ajili ya chakula. Katika milima ya Zagros, nchi ya Uajemi ambayo siku hizi huitwa Iran, kuna mahali paitwapo Ganj Dareh, ambapo watu walikaa yapata miaka 10,000 iliyopita. Wataalamu waliichunguza mifupa ya mbuzi iliyofukuliwa hapo, na katika mwaka wa 2000 wakatangaza waliyoyaona: madume wengi walichinjwa wangali vijana, na majike waliachwa wakaishi miaka mingi. Mwindaji hafanyi hivyo, maana mwindaji humtafuta dume kubwa lenye nyama nyingi. Afanyaye hivyo ni mfugaji, aliyekwisha piga hesabu kwamba jike ni ghala ya maziwa na ya uzazi, na kwamba madume wote wakiachwa wakue, malisho hayatatosha. Basi swali letu lina umri sawasawa na zizi lenyewe: huyu dume mdogo ale nini kabla hajafikiwa na kisu?

Wasomaji wa Taurati watakumbuka jinsi Rebeka alivyowapika wana-mbuzi wawili, hata mzee Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akadhani anakula mawindo ya Esau. Tukiacha mambo ya dini, mpishi yeyote atatuambia kwamba hila ile isingewezekana kwa nyama ya beberu. Nyama ya mwana-mbuzi ni nyororo, haina harufu kali, na hupokea kiungo chochote itiwacho.

Ushahidi ulio wazi zaidi tunaupata kwa Warumi. Mtunga mashairi mmoja jina lake Juvenal, aliyeishi yapata mwaka wa 100 baada ya Kristo, katika shairi lake la kumi na moja la kejeli anamwalika rafiki yake kwa chakula, na miongoni mwa vitu anavyomwahidi yumo mwana-mbuzi kutoka shambani Tibur, mji ambao leo waitwa Tivoli. Hamsifu kwa ukubwa wala kwa ukoo. Anamsifu kwa malisho: ni wa maziwa, nyasi bado hajaonja. Kwa hiyo, miaka 1,900 hivi iliyopita, mnunuzi wa Kirumi alikwisha jua kuuliza swali ambalo wanunuzi wengi wa kwetu hawaliulizi hata leo.

Sababu ya jambo hili imo tumboni. Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne. Kwa mbuzi mzima chumba kikubwa kuliko vyote ni cha kwanza, ambamo majani hukaa na kuchachuka kwa kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, kisha hurudishwa kinywani na kucheuliwa. Kwa mtoto aliyezaliwa jana chumba hicho ni kidogo na bado hakina kazi. Kilicho kikubwa kwake ni cha nne. Anyonyapo, mfereji mdogo ulio ndani hujikunja ukawa kama bomba, na maziwa hupita mpaka chumba cha nne bila kuchachuka njiani. Hivyo mafuta ya maziwa huingia mwilini karibu kama yalivyo, na mafuta yaliyo katika nyama ya mnyonyaji hufanana na yale aliyokunywa. Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba mwana-mbuzi akilelewa kwa maziwa ya unga yaliyotiwa mafuta ya nazi, wapimaji huitambua nazi hiyo katika mafuta ya mwili wake.

Rangi nayo hutokana na hayo hayo. Maziwa yana madini ya chuma kidogo sana, na chuma ndicho kitiacho wekundu katika damu na katika minofu. Nyama ya mtoto wa maziwa basi ni nyeupe yenye kuelekea waridi. Akianza kula majani, wekundu huongezeka. Katika juma la pili hivi huanza kudonoa majani kwa kuiga mama yake, na karibu na juma la nane, kama amepata cha kutafuna, tumbo la kucheua huwa limeanza kazi kweli kweli. Tangu hapo vijidudu huyageuza mafuta ya chakula kabla hayajafika mwilini, yakawa magumu zaidi, na ladha ya nyama ikawa ladha ya mbuzi hasa.

Desturi ile ya Kirumi haikufa. Nchini Italia, Ufaransa, Hispania na Ureno mwana-mbuzi wa maziwa huliwa mpaka leo, hasa wakati wa Pasaka, na katika mji wa Monterrey nchini Meksiko ndiye chakula ambacho mji wenyewe hujisifia. Tusidhani kwamba hayo ni anasa tu. Katika sehemu nyingi za nchi hizo mbuzi hufugwa kwa maziwa ya kufanyia jibini, na kila jike lazima azae ili akamuliwe. Madume wanaozaliwa ni ziada, na kila siku wanaponyonya hupunguza jibini ya mwenye shamba. Huchinjwa mapema kwa sababu ya hesabu kwanza, na utamu ukafuata nyuma yake. Wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, waliopelekewa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika miaka ya 1980, bila shaka wanaielewa hesabu hii kuliko sisi watu wa tambarare.

Katika nchi zetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mifugo ilikuwa imefika pande za Ziwa Turkana yapata miaka 4,000 iliyopita, ikaendelea kusini pamoja na wenyewe. Lakini hatukupata kusikia kwa wazee wetu kwamba mtoto anyonyaye alikuwa kitoweo cha heshima. Mbuzi wetu wa asili huzaa mtoto wa kilo mbili hivi, na maziwa yake ni haba. Ukimchinja mtoto huyo akiwa na mwezi mmoja umepata kitoweo cha jioni moja na umepoteza mbuzi. Watu wa huku, waliokuwa na nyika pana na haja kubwa ya akiba ya mifugo, walitafuta utamu wa nyama mahali pengine, nao wakaupata. Huyo ndiye ndafu.

Neno hili ni la Kiswahili na wengi walijua: ndafu ni mbuzi aliyehasiwa akanenepeshwa. Siku hizi katika arusi za Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na hata hapa kwetu, ndafu aliyebanikwa mzima huletwa mbele ya maharusi kwa nyimbo na vigelegele, na bei yake haifanani na bei ya mbuzi wa mnadani. Wanaosifiwa kwa ndafu kuliko wote ni Wachagga wa Kilimanjaro, na yafaa tueleze kwa nini, kwa kuwa watu hudhani ni siri ya mchomaji. Siri iko bandani.

Mlimani ardhi ya kihamba ni ndogo. Migomba imeijaza tangu kale, na baadaye ikaja kahawa, hata hapakuwa na mahali pa kuchungia. Kwa hiyo Wachagga waliwafunga ng'ombe na mbuzi ndani, zamani mara nyingi katika nyumba ileile waliyolala watu, wakawaletea chakula humo. Akina mama walishuka tambarare kukata majani, wakayapandisha mlimani vichwani mwao. Na kila asemaye juu ya utamu wa ndafu bila kuutaja mzigo ule amesema nusu. Mgomba nao ulitoa majani yake, na shina lake likakatwakatwa kihorini, pamoja na maganda ya ndizi kutoka jikoni. Samadi ilirudi kwenye migomba. Mnyama hakwenda mbali, hakupigwa na jua, hakushinda na kiu.

Shina la mgomba, tuseme kweli, ni maji mengi na chakula cha kujenga mwili kidogo. Mtu akimlisha mbuzi shina tupu hatapata ndafu, atapata tumbo kubwa. Lililofanya kazi ni mchanganyiko pamoja na utaratibu: kila siku cha kutosha, na majani ya miti juu ya nyasi. Tena ndafu hakuwa mbuzi wa haraka. Sababu yake wachinjaji wote wanaijua ingawa hawakusoma: mbuzi si kondoo. Mafuta ya kondoo huenda upesi chini ya ngozi. Mafuta ya mbuzi hupenda kwanza kukaa ndani, kuzunguka figo na matumbo, na nyama yenyewe huachwa mwisho. Anayemjaza mbuzi pumba na mashudu kwa majuma machache tu karibu na sikukuu hujaza matumbo mafuta ambayo hayafiki mezani. Anayelisha kwa kiasi miezi mingi, huyo ndiye anayepata nyama yenye mafuta ndani yake. Majaribio yaliyotangazwa na watu wa Sokoine pamoja na wenzao wa Norwe mwaka wa 2009 yalionyesha kwamba hata mbuzi wetu mdogo wa Afrika Mashariki, akiongezewa chakula cha nafaka na mashudu juu ya majani, hutoa mzoga mzito zaidi na wenye mafuta zaidi. Hatuna basi haki ya kumlaumu kwa udogo kabla hatujamlisha.

Kuhasi nako wazee hawakukufanya kwa ukatili wala kwa mazoea tu. Katika mwaka wa 1975 wataalamu wa New Zealand walieleza kwamba harufu kali ya nyama ya kondoo wakubwa na ya mbuzi yatoka katika asidi fulani za mafuta, ambazo hupatikana kwa kiasi kidogo mno lakini pua huzitambua. Kwa beberu aliyebaleghe harufu hiyo huzidi. Akihasiwa mapema haiji kwa nguvu, na chakula alacho huenda katika mwili badala ya kwenda katika vita na mbio za kutafuta majike. Chakula chenyewe pia kina mkono katika ladha, kwani katika miaka ya 1970 wataalamu wa Aberdeen, Uskoti, waliona kwamba wana-kondoo walioshibishwa shayiri nyingi walipata mafuta laini yasiyo ya kawaida. Nafaka nyingi kupita kiasi si heshima kwa mnyama mwenye kucheua. Tumbo lake liliumbwa kwa majani.

Hivyo historia yatuonyesha nyama mbili nzuri za mbuzi. Moja ni ya mtoto aliyekunywa maziwa ya kutosha akachinjwa mapema. Nyingine ni ya aliyekunywa maziwa ya kutosha, akahasiwa, akalishwa majani mema kwa subira. Wasomaji wataona kwamba zote mbili zinaanza mahali pamoja.

Lakini mbuzi wengi wanaofika minadani kwetu si wa aina hizo mbili. Ni wa aina ya tatu. Huyu alizaliwa mwisho wa kiangazi na mama aliyekonda, na hasara yake ilianza hata kabla ya kuzaliwa, kwa sababu hesabu ya nyuzi za minofu hukamilika karibu yote tumboni mwa mama, na katika miezi miwili ya mwisho ya mimba ya miezi mitano ndipo mtoto hukua zaidi. Dang'a aliipata kidogo au kwa kuchelewa, ingawa kinga iliyomo hupenya vema mwilini katika saa za kwanza tu, na baada ya siku moja mlango huo hufungwa. Kisha mama yake alikamuliwa asubuhi kabla hajanyonyesha, naye mtoto akabaki amefungwa kambani hadi jioni akitafuna nyasi kavu kabla tumbo lake halijaziweza. Akanusurika. Akafikia umri wa miaka mitatu ana uzito ambao mwenzake aliupata kwa mwaka mmoja na nusu. Kila mwezi alioongeza bila kuongeza kilo ulikaza kano na nyama zake, maana nyama hukazwa na umri. Huyo ndiye mbuzi wa ukanda tuliyemtaja mwanzo.

Hapa tunafika penye uzito. Ni rahisi kwa bwana shamba kusimama mkutanoni na kusema, mwachieni mwana-mbuzi maziwa. Katika nyumba nyingi za wanachama wetu maziwa hayo ndiyo kikombe cha mtoto wa mtu asubuhi, na mwezi wa kiangazi hakuna kingine. Hatuwezi kumwambia mama achague mwana-mbuzi amwache mwanawe, na chama kitakachosema hivyo hakistahili kuitwa cha ushirika. Lisemwalo ni jingine. Maziwa ya juma la kwanza yaachwe yote kwa mtoto wa mbuzi. Baada ya hapo akamuliwe upande mmoja, upande wa pili uwe wa mnyonyaji, mpaka aweze kutafuna. Na chakula cha jike mwenye mimba kihesabiwe kuwa chakula cha mtoto pia: maganda ya migunga ambayo huanguka wakati wa kiangazi na kukanyagwa bure njiani, majani ya lusina, mashina ya maharage baada ya kupura. Vitu hivi havinunuliwi. Jike aliyeshiba huwapa maziwa wote wawili, mtoto wa nyumba na mtoto wa zizi.

Mbegu mpya tutazigusa kwa ufupi. Mbuzi wa Boer aliteuliwa na wakulima wa Rasi ya Mashariki huko Afrika ya Kusini, nao wakaunda chama chao mwaka wa 1959. Kwetu, katika kituo cha Malya mkoani Mwanza, damu yake ilichanganywa na ya Kamorai wa Pakistani na ya mbuzi wetu. Ni wanyama wazuri. Mwili mkubwa lakini huomba chakula kikubwa, na mwanachama anayenunua beberu wa bei kubwa na kumfunga katika zizi la njaa amenunua njaa kubwa zaidi.

Liko na jambo la safari. Mbuzi aliyelishwa miezi kumi aweza kuharibiwa kwa siku mbili. Katika minofu ya mnyama imo akiba ya nguvu, namna ya wanga, ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi. Na asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi nzuri na kuizuia isioze upesi. Mbuzi aliyetembezwa mbali bila malisho, akapigwa na kufungwa miguu juu ya gari, huwa ameimaliza akiba hiyo njiani. Nyama yake huwa nyeusi-nyeusi, hushika mkono, na hakawii kunuka. Na aliyekonda ana hatari nyingine katika mabucha yenye vyumba vya baridi: tangu mwaka wa 1963 yajulikana, kwa kazi ya wataalamu wa New Zealand, kwamba nyama ikipozwa upesi mno kabla haijakakamaa hujikunyata ikawa ngumu. Mafuta ya juu ni blanketi. Mbuzi hana blanketi nene hata akinona, na aliyekonda hana kabisa.

Mtu atauliza, ikiwa hayo yote yajulikana, kwa nini hayafanywi? Jibu letu ni kwamba hayalipwi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao chama chao kikuu, K.N.C.U., kiliundwa mwaka wa 1933, walizoea kwamba kahawa hupangwa kwa daraja, na aliyevuna buni mbichi akachanganya na mbivu huiona hasara yake katika malipo. Mbuzi wetu hununuliwa kwa macho. Mchuuzi humpapasa mgongoni na kifuani, na vidole vyake havikosei, kwa kuwa uti wa mgongo uliofunikwa na nyama haufichiki. Lakini anachokijua kwa vidole hakisemi kwa mdomo. Humwita kila mmoja «mbuzi wa kawaida». Aliyelisha na asiyelisha wakirudi nyumbani na fedha sawasawa, mwaka ujao wote wawili hawatalisha.

Mizani peke yake haitoshi. Mbuzi aliyejaa majani na maji hupimwa pamoja na maji yake, na wapo wajanja, hatuwataji, ambao huwalambisha mbuzi chumvi alfajiri ya siku ya mnada ili wanywe. Kwa kawaida nyama safi ni kati ya sehemu 40 na 50 kwa mia ya uzito wa mbuzi hai, na tofauti hiyo ya kumi ndiyo faida au hasara ya mnunuzi. Ndiyo sababu Halmashauri italeta shauri katika Mkutano Mkuu kwamba mbuzi wakusanywe siku moja kabla ya kupimwa, wanywe maji, wapumzike, na bei iwe ya madaraja matatu kwa uzito na kwa unono wa mgongo. Shauri hilo lina wapinzani wenye hoja. Wanachama walio mbali watalala njiani, na wajane wenye mbuzi wawili watatu hawana mtu wa kuwasindikiza. Yafaa wajumbe waje na majibu ya hayo, maana mizani twaweza kuinunua, lakini banda la kulala mbuzi na mlinzi wake vitatoka katika ushuru wetu sote.

Na kwa wale wasiotaka kungoja mkutano: watoto wa masika wameanza kuzaliwa. Atakaye kuuza ndafu katika arusi za Desemba ya mwakani amchague sasa, dume wa jike mwenye maziwa, amwachie ziwa, amhasi angali mdogo kwa mkono wa bwana mifugo, na amwandalie kihori kabla ya kiangazi.